Waranti ya Maisha Ni Maisha ya Nani? Historia Fupi ya Zana Zetu, Kutoka Jembe la Warongo Hadi Trekta la Kibaha



Kila mwaka msimu wa kuuza pamba ukifunguliwa, fedha zinaanza kuonekana Bariadi, Lamadi, Maswa na Mwanhuzi. Wauzaji wa zana nao wanaonekana. Kuna wa plau, wa pampu za kupulizia dawa, wa sola, wa mashine za kukoboa, wa matrekta ya mkopo. Na kila mmoja ana neno lake tamu: "Hii ina waranti ya miaka ishirini na tano." "Hii ina waranti ya maisha." Mkulima akisikia "maisha" anafikiria maisha yake na ya wanawe. Anaongeza fedha ambayo hakuipanga, wakati mwingine anauza na maksai.

Leo sitazungumzia bidhaa fulani. Nataka tupitie historia ya zana zilizopita katika nchi hii, tuone zipi zilidumu na kwa nini. Historia hiyo ina majibu mengi kuliko karatasi ya waranti.

Jembe la Warongo

Kabla ya wakoloni, majembe ya chuma yaliyotumika Usukumani mengi yalitoka magharibi, upande wa Geita na Buzinza. Huko waliishi Warongo, mafundi waliojua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe yalibebwa kichwani hadi Usukuma na Unyamwezi. Yalikuwa zana, na yalikuwa mali pia: yalibadilishwa kwa nafaka na mifugo, na katika sehemu nyingi yalitolewa kama mahari. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, majembe yaliyofikishwa soko la Tabora yalikadiriwa kufikia 150,000 kwa mwaka.

Jembe lile halikuwa na karatasi ya waranti. Lilichakaa kama jembe lolote linavyochakaa, hasa kwenye luseni, maana mchanga unakula chuma. Lakini likichakaa lilirudi kwa mhunzi, likafuliwa tena likawa kijembe kidogo au kisu. Aliyeuza alikuwa anajulikana kwa jina na kwa ukoo. Akiuza chuma kibovu mwaka huu, mwaka ujao hana mteja.

Hapo tayari mambo mawili yameonekana: fundi aliye karibu, na muuzaji anayejulikana. Tuyaweke akilini, tutayahitaji mbele.

Plau: chombo kilichobuniwa kikijua kitachakaa

Plau la kukokotwa na ng'ombe lilianza kusambaa Usukumani wakati wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1930. Liliongezeka sana baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ilipoanza kuleta fedha. Wakulima waliunda vyama vyao vya kuuza pamba, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa VFCU, shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Mkulima aliyeuza pamba vizuri alikuwa na matumizi mawili makubwa: kununua ng'ombe na kununua plau.

Swali ni kwa nini plau lilishika mizizi hapa hadi leo, wakati zana nyingi za kisasa zaidi zimekuja na kuondoka.

Sehemu ya jibu ipo Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Katika mji wa Ipswich alikuwepo mtengenezaji aliyeitwa Robert Ransome. Mwaka 1803 alisajili njia ya kutengeneza kile chuma cha mbele kinachochana udongo, ili upande mmoja uwe mgumu kuliko mwingine na chuma kijinoe chenyewe kikiwa kazini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1808, akasajili jambo kubwa zaidi: plau ambalo sehemu zake zinafungwa kwa bolti na zinabadilishika. Mkulima akivunja kipande, ananunua kipande hicho na kukifunga mwenyewe shambani. Hana haja ya kununua plau jipya.

Ransome hakuwaambia wakulima kwamba chuma chake hakitachakaa. Alikubali kwamba kitachakaa, akatengeneza chombo kinachorahisisha kubadilisha. Plau za leo unazoziona mnadani zimefuata wazo hilo. Ndiyo maana utakuta plau lililonunuliwa na babu, chuma cha mbele kimebadilishwa mara nyingi, gurudumu limebadilishwa, bolti zote si zile za zamani, na bado linalima. Huo ndio umri mrefu wa kweli, na umetokana na spea inayopatikana mnadani na spana moja nyumbani.

Baada ya Uhuru serikali ililielewa hili. Kiwanda cha Zana za Kilimo Ubungo, UFI, kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China kikatengeneza majembe na plau. Mbeya nako kikajengwa kiwanda cha ZZK. Lakini wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na bidhaa zikaadimika madukani. Hata jembe la mkono lilikuwa la kutafuta. Wakati ule mwenye plau zima lisilo na spea hakuwa na tofauti kubwa na asiye na plau. Ubora wa chuma haukumsaidia, kwa sababu njia ya kufikisha spea ilikuwa imekatika.

Kongwa: mitambo mikubwa, fundi hakuna

Sasa tuangalie upande mwingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Fedha ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na nguvu yote ya dola ilikuwa nyuma yao.

Vita ilikuwa imeisha juzi tu na matrekta mapya yalikuwa adimu duniani. Wakanunua yaliyotumika, mengi yakiwa ni mabaki ya vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Yalipofika Kongwa yalikutana na visiki, na udongo ambao jua likiwaka unakuwa kama saruji, tena wenye chembe kali zinazokula chuma. Mafundi walikuwa wachache na karakana hazikutosha. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yale yalikuwa yamekufa. Ekari zilizosafishwa mwaka ule zilikuwa kama 7,500 tu, wakati lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa 150,000. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na Uingereza ikafuta hasara ya takribani pauni milioni 36.

Serikali ya Uingereza iliweza kuandika hasara kwenye vitabu na kuendelea na maisha. Mkulima wa Itilima au Meatu akiweka fedha yake yote kwenye chombo kisicholingana na udongo wake, hana kitabu cha kufutia. Anayefidia ni watoto, kwa ada ya shule na chakula.

Usukumani nako tulijaribiwa. Katikati ya miaka ya 1960 matrekta yaliletwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba kupitia ushirika. Gharama za kulima zilizidi kile pamba ilicholipa, na mpango haukudumu. Wakulima wakarudi kwa maksai wao. Hawakuwa washamba wala wabishi. Walikuwa wamepiga hesabu.

Kibaha: mtengenezaji naye hufa

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2015 Tanzania iliingia makubaliano na Poland kuhusu matrekta ya URSUS, na kuanzia 2017 yakawa yanaunganishwa Kibaha, eneo la TAMCO, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Wakulima wengi waliyachukua kwa kulipa kianzio na kumalizia kwa awamu. Baadaye yakaja malalamiko kuhusu ubovu na kuhusu upatikanaji wa vipuri, hadi jambo likafika bungeni.

URSUS haikuwa kampuni ya jana. Ilianzishwa Warsaw mwaka 1893, ikapita vita mbili kuu za dunia na tawala kadhaa. Mtu angeuliza wakati ule, "Kampuni ya zaidi ya miaka mia moja itakwenda wapi?" Lakini mwaka 2021 mahakama huko Poland iliitangaza kuwa imefilisika.

Upande wa sola mambo yalikwenda hivyo hivyo, ila mwisho ulikuwa na nafuu. Kampuni ya Mobisol ya Berlin iliingia Tanzania na kuuza mitambo ya sola majumbani kwa malipo ya miaka mitatu kwa simu, na huduma ya matengenezo ikiwa ndani yake. Aprili 2019 ikaomba kinga ya ufilisi. Mwaka huo huo ikanunuliwa na kampuni ya Engie ya Ufaransa, na huduma ikaendelea. Wateja walipona kwa sababu mnunuzi alipatikana. Asingepatikana, karatasi ya waranti ingebaki kuwa karatasi.

Maisha ya nani?

Sasa turudi kwenye swali letu. Muuzaji akisema "waranti ya maisha", kuna maisha matatu yanayoweza kuwa yanatajwa, na mara nyingi si yako.

La kwanza ni maisha ya bidhaa. Kampuni nyingi huandika kwa herufi ndogo kwamba "maisha" ni muda ambao bidhaa inatarajiwa kufanya kazi, au muda ambao wataendelea kuitengeneza. Wakiacha kuitengeneza, maisha yameisha.

La pili ni maisha ya kampuni. Tumeona URSUS na Mobisol. Paneli ya sola yenye waranti ya miaka 25 ikiuzwa na kampuni yenye miaka mitatu sokoni, ni ahadi ndefu kuliko mtoa ahadi mwenyewe. Tena waranti hiyo ya miaka 25 kwa kawaida ni ya paneli tu. Betri, ambayo ndiyo huharibika kwanza, huwa na muda wake mfupi.

La tatu ni maisha ya ahadi yenyewe. Huko Marekani kulikuwa na mfanyabiashara aliyeitwa L.L. Bean. Mwaka 1912 aliuza jozi 100 za viatu vya wawindaji akiahidi mteja ataridhika. Jozi 90 zilirudi zimeachana mshono. Akarudisha fedha zote, akarekebisha viatu, na jina lake likapaa. Kwa zaidi ya miaka mia moja duka lake lilipokea bidhaa iliyorudishwa hata baada ya miaka mingi. Lakini watu wakaanza kurudisha vitu vilivyochakaa kwa matumizi ya kawaida, na wengine walivyookota kwenye minada ya vitu vya zamani. Kampuni ikasema imepoteza dola milioni 250 ndani ya miaka mitano. Februari 2018 ikaweka kikomo: mwaka mmoja, na risiti lazima.

Ahadi ni deni, na deni lazima liwe na wa kulilipa. Kampuni yenye fedha nyingi vile ilishindwa kulilipa milele. Wewe mwenye duka kijijini usiahidi "nitakubadilishia wakati wowote" kwa sababu tu jirani yako wa duka la pili ameahidi hivyo. Ahidi siku saba au mwezi mmoja, uandike, kisha utimize. Wateja wa kijijini watakukumbuka kwa ahadi ndogo iliyotimizwa, na mtaji wako utabaki salama.

Nguvu ya pamba ndiyo kipimo

Kuna jambo ambalo waranti haiwezi kulifunika hata ikiwa ya kweli: bei ya pamba.

Bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo mwaka 2022. Mwaka uliofuata, 2023, ilikuwa 1,060. Chukua mkulima aliyevuna kilo 1,500 miaka yote miwili. Kwa bei hizo, mwaka wa kwanza anapata 2,340,000 na mwaka wa pili 1,590,000. Pengo ni shilingi 750,000, na hakufanya kosa lolote shambani. Kama alichukua chombo cha mkopo kwa kupigia hesabu bei ya 2022, rejesho halikupungua bei iliposhuka. Na mwaka 2019, bei ilipokuwa 1,200, wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi. Mkopeshaji hasubiri hivyo.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi: piga hesabu ya kununua kwa bei ya mwaka mbaya unaoukumbuka, usitumie ya mwaka mzuri. Ukiona hata kwa bei ile unaweza kulipa na chakula kikabaki ghalani, nunua. Ukiona huwezi, chombo hicho si cha uwezo wako kwa sasa, hata kiwe na waranti ya miaka mia.

Je, ninunue cha bei ya chini?

Hapo ndipo wengi hujibu kwa haraka kwamba rahisi ni ghali. Mara nyingi ni kweli. Lakini tuhesabu kwa mfano.

Tuseme pampu moja ya kupulizia inauzwa 45,000 na hudumu misimu miwili. Nyingine inauzwa 120,000 na hudumu misimu sita. Ya kwanza inakugharimu 22,500 kwa msimu, ya pili 20,000. Ile ghali ina nafuu ya 2,500 kwa msimu. Lakini kuipata unatakiwa kutoa 75,000 zaidi leo. Kama hiyo 75,000 ipo mkononi na haina kazi nyingine, nunua ile bora. Kama ndiyo fedha ya dawa na palizi, basi kwa kuokoa 2,500 umeacha pamba yako kwa funza wa vitumba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kigezo cha pili ni hiki: chombo kikifa katikati ya kazi, hasara ni nini? Pampu ikifa wiki ya kupulizia, unaweza kupoteza mavuno. Hapo ongeza fedha kidogo, au mshirikiane watu wawili kununua iliyo imara. Taa ikifa, utalala gizani siku mbili. Hapo nunua unachoweza. Na trekta, kwa mwenye ekari chache, kulikodi kwa ekari ni bora kuliko kulimiliki. Likiharibika, fundi ni wa mwenye trekta.

Kabla hujatoa fedha

Historia yote hii naifupisha kwa maswali machache ya kumuuliza muuzaji, tena mbele ya shahidi:

1. Kikiharibika, nani anatengeneza na yuko wapi? Waranti inayokutaka upeleke chombo Dar es Salaam, safari ndefu kwa basi, imeisha siku uliyonunua. Nauli na siku za kazi ni zako.

2. Kipande kinachochakaa kwanza ni kipi, na kinauzwa mnada gani? Nenda ukakione kwa macho, ulizia na bei yake.

3. Waranti inafunika nini na haifuniki nini? Uliza betri, mpira, bolti na chuma kinachogusa udongo. Mara nyingi vitu hivyo ndivyo vimeachwa nje.

4. Waranti ni ya muda gani, na mkopo ni wa muda gani? Waranti ya mwaka mmoja kwenye mkopo wa miaka mitatu maana yake miaka miwili utalipia chombo ambacho ubovu wake ni wako peke yako.

5. Kimejaribiwa kwenye udongo kama wetu? Kilicholima vizuri kwenye mchanga wa luseni kinaweza kukwama kwenye mbuga au kushindwa kabisa kwenye itogolo. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kazi yake ni pamoja na kupima zana za kilimo. Muulize muuzaji kama chombo chake kilipita huko.

Dai risiti ya EFD, andika namba ya chombo, na weka karatasi ya waranti mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujue pia kwamba sheria inakulinda hata bila waranti. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ukimwambia muuzaji unataka chombo kwa kazi fulani na ukategemea ujuzi wake, chombo hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiwango kinachokubalika. Ndiyo maana nasema uwe na shahidi na uwe na risiti. Mlaji anaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC).

Na ninyi wafanyabiashara, msikie maswali haya kama nafasi ya biashara. Mwenye duka anayeweka chuma cha plau, mipira ya pampu na bolti mwaka mzima ana kitu cha kuuza kila mwezi, siyo msimu wa pamba tu. Mteja anayejua spea ipo kwako atanunua na chombo kipya kwako.

Warongo waliliweza hilo bila karatasi hata moja, kwa sababu mteja aliwajua na walirudi kila mwaka. Zana ikifika Simiyu leo, iwe imetoka China, India au Poland, ipime kwa kipimo hicho: fundi wake yupo hapa, na bei yake inatoka kwenye pamba uliyokwisha vuna.

Mwenye chombo anachotaka kununua na hana uhakika, amuone afisa ugani wa kata yake kabla ya kulipa kianzio. Ushauri ni bure.